Shimo la nguzo nalo ni mambo ya kale

Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa nyumba za udongo, Kaskazini Pemba. Karibu na kwetu umechimbwa msingi wa jengo, na kifusi kikapakiwa gari kwenda kujazia barabara. Kwenye kifusi kile niliokota bonge la udongo ulioungua, gumu kama tofali. Upande mmoja limeacha mifereji ya fito tatu, upande wa pili vidole vya aliyekandika. Fito zilipangwa karibu karibu, kuliko tunavyopanga sisi. Nilipomwonyesha msimamizi alinijibu, “Mzee, magofu ni ya mawe. Hili dongo tu.”

Basi naye asikie ya Aomori, kaskazini mwa Japani. Mkoa ulitaka kujenga uwanja wa besiboli mahali paitwapo Sannai Maruyama. Mwaka 1992 wataalamu wakaanza kufukua, wakakuta makaazi ya watu wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, ambao walichimba sakafu ya nyumba ndani ya ardhi kisha wakaezeka juu. Hapakuwa na ukuta uliosimama. Mwaka 1994 yakaonekana mashimo sita makubwa ya nguzo, kina chake kiasi cha mita 2, na ndani mabaki ya magogo ya chesnati yenye unene wa mita nzima, yamehifadhiwa na maji ya ardhini. Chini yamebabuliwa moto yasioze. Hapo nikasema, hawa mafundi wenzangu! Uwanja ulikuwa umeshaanza kujengwa; ukasimamishwa. Mwaka 2021 UNESCO ikapaingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya kaskazini ya zama hizo za Jomon.

Nasi tunapo. Tumbe, hapa hapa Pemba, palikuwa na mji wa miti na udongo tangu karne ya 7, kabla ya misikiti ya mawe ya Chwaka pale jirani. Wageni hupelekwa Chwaka kwenye makaburi ya Haruni, mtawala wa zamani wa pale. Tumbe hupitwa tu, maana hakuna cha kupiga picha.

Naomba penye vigae na dongo lililoungua, kabla kijiko hakijaingia, aitwe mtu wa mambo ya kale atazame, japo siku mbili. Masheha nao waelezwe dalili: duara la udongo mweusi ndani ya mwekundu huenda ni nguzo iliyoozea pale pale. Sisi mafundi tunaijua dalili hiyo, na tukiitwa tutakwenda kuionyesha bila ya malipo.

Fundi wa udongo,
Micheweni, Pemba