Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Ndugu wanachama, asalaam alaykum na hamjambo nyote.

Mwaka huu kazi yetu kubwa imekuwa kuutazama mlango wa Mto Sabaki na mikoko ya Ngomeni kwa picha za setilaiti. Wapo waliocheka. Lakini Ngomeni setilaiti si ngeni: San Marco 2, setilaiti ya Italia, ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya kijiji hicho.

Picha hatulipii. Za Landsat ya Marekani ni bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zaanzia 1972. Za Sentinel-2 ya Ulaya zilianza 2015. Kitone kimoja cha picha, yaani sehemu ndogo kabisa inayotofautishwa, kwa Landsat ya sasa ni mita 30 kwa 30, karibu robo ekari; cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Kwa hiyo anayekata boriti mojamoja ndani ya mikoko haonekani. Anayefyeka uwanja huonekana. Nalisema kwa sababu wengine walidhani tumepata askari asiyelala.

Mjadala mkali waliuleta vijana wetu wa kompyuta. Walilinganisha picha mbili, wakaona mikoko ya ukingoni imefifia na tope limegeuka maji. Barua ya malalamiko ilikwisha andikwa. Mvuvi mmoja wa kamati akauliza tarehe za picha, akahesabu mwezi kwa vidole: ya kwanza ilipigwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana; ya pili siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Setilaiti hizi hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua saa hizo maji yamekupwa na tope li wazi. Siku za maji mafu saa hizohizo yamejaa. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, maji huumeza, na mti mzima uliosimama majini huonekana kama mgonjwa. Barua haikutumwa. Tangu hapo kila picha huandikwa siku yake ya mwezi mwandamo, na hatuzisomi pasipo mvuvi kikaoni. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi bora wa mwaka.

Masika mawingu hufunika kila kitu, ndipo tunapotumia rada ya Sentinel-1, ambayo hupenya mawingu. Heroe na viboko wa Sabaki tunaendelea kuwahesabu kwa miguu na darubini. Maji mekundu ya mto nayo tumeyafuata: kaskazi huyavuta kusini kuja Malindi, kusi huyapeleka upande wa Ngomeni. Waongoza wageni walilijua hilo zamani. Picha zimetuonyesha yanafika wapi.

Fedha atazisoma mweka hazina. Bando za intaneti zimetugharimu kuliko mafuta ya mashua, na wasiolipa ada wanajijua.

Mwakani tunaanza na mabwawa ya chumvi ya kuanzia Ngomeni kwenda Marereni. Kingo zake zilizonyooka ni rahisi kuzitambua kwenye picha, na tukirudi hadi zile za miaka ya sabini tutajua lipi lilikuwa jangwa la chumvi tangu asili na lipi lilikuwa mikoko. Kisha lazima twende tukakanyage tope lenyewe. Mwenye mashua na nafasi siku za bamvua ajiandikishe kwa katibu kabla hajaondoka hapa leo.