Chupa ya Vitamini na Kapu la Marikiti

Mji wa Kale, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalamu aleikum. Barua yako ilinifikia Ijumaa, na habari ya ujauzito wa Zainabu imenifurahisha mno. Umeniuliza kama umpe ile chupa ya vitamini uliyouziwa shilingi 3,500, ambayo muuzaji aliapa kwamba kidonge chake kimoja kinatosha badala ya matunda na mboga za siku nzima.

Chupa hiyo usimpe bado. Lakini vile vidonge vya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki asiviache hata siku moja, kwa sababu hapo kidonge kinaishinda mboga. Foleti, yaani asidi ya foliki ya asili iliyomo katika mchicha, humwagwa na maji ya kuchemshia, na ile inayosalia mwili hauipokei kwa wepesi kama asidi ya foliki ya kiwandani. Wataalamu hupendekeza mikrogramu 400 kwa siku, tena tangu kabla ya mimba, kwa kuwa mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika mwezi wa kwanza, wakati wengine wetu hata hatujajijua. Jambo kama hilo siwezi kuliachia chungu changu.

Kinachonitia wasiwasi katika chupa yako ni vitamini A. Soma karatasi yake, na ukiona jina linaloanza na "retin", iweke mbali na Zainabu mpaka daktari aione, maana aina hiyo hulimbikizwa katika ini na ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana wajawazito huambiwa hata maini wasiyale ovyo. Papai, embe na karoti hazina hatari hiyo, kwa sababu karotini yake mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri ya haja yake.

Usidhani basi kwamba karotini ikitiwa ndani ya kidonge hubaki na upole ule ule. Huko Ufini wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifanyiwa uchunguzi, na baadhi yao wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, kwa matumaini kwamba ingewakinga na saratani ya mapafu kama ilivyodhaniwa kuwakinga walaji wa mboga. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa vidonge ndio waliougua zaidi.

Mimi mchicha wangu naupika kwa maji kidogo, natia tui zito mwishoni, kisha nikishaepua ndipo nakamua ndimu. Mafuta ya nazi huisaidia karotini kuingia mwilini, na ndimu, ambayo vitamini C yake ingeharibika motoni, husaidia kupokea chuma cha mboga. Bibi zetu walipika hivyo kwa ajili ya ladha tu.

Hata kidonge kina adabu zake. Mwaka juzi niliambiwa damu yangu ni pungufu, nikapewa vidonge vya chuma, nikawa navimeza kila asubuhi kwa chai ya maziwa. Baada ya miezi miwili damu ilikuwa pale pale. Muuguzi akaniuliza, "Mama, unavimeza na nini?" Nilipomjibu akacheka: chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Zainabu avimeze kwa maji, na chai aisubirishe.

Nikwambie na kisa cha mji wetu. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga hapa, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mmoja wa watu wake aliandika kwamba wagonjwa wote walipona kwa sababu ya hewa nzuri ya mji. Hewa! Walikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, nami nayapa machungwa sifa hiyo. Ila nisiwe mwongo: vitamini C ya kidonge ni ile ile ya chungwa, nayo pia ingewaponya.

Nipigie picha karatasi ya chupa, pande zote mbili, unitumie. Jumatano nitakwenda Marikiti, nami nitamnunulia Zainabu ubuyu mweupe usiotiwa rangi wala sukari, nimpe dereva wa matatu ya Mtwapa akuletee.

Nisalimie watoto.

Wako,
Mwanaisha