Kwa Kaka Yangu, Aliyehesabu kwa Vidole Vitatu

Kaka,

Natumaini u mzima, ingawa siku hizi habari zako nazipata kwa midomo ya watu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua mbili nilizokutumia faraghani hukuzijibu.

Sijaisahau jioni ile ulipouchukua mswada wangu wa filamu mezani, ukasoma kurasa mbili mbele ya wageni, kisha ukainua vidole vitatu: Supergirl ya 1984, Catwoman ya 2004, Elektra ya 2005. Zote zimeanguka, ulisema, kwa sababu watu hawataki shujaa wa kike. Wageni wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, na hadi leo sijui kama aliyeniudhi zaidi ni wewe au ni mimi.

Filamu hizo zilikuwa mbovu; sikuwahi kubisha. Lakini Batman & Robin ilipoharibika mwaka 1997, hakuna aliyesema kwamba wanaume hawauzi tiketi, na baada ya miaka minane Batman akarudishwa kwa mwongozaji mpya. Green Lantern nayo ilianguka mwaka 2011 na lawama zikaishia kwake peke yake. Wonder Woman, aliyeingia katika majarida ya katuni mwaka 1941 na kuwa na tamthilia ya televisheni kuanzia 1975, hakupewa filamu yake ya majumba ya sinema hadi 2017. Black Widow alionekana mara ya kwanza katika filamu mwaka 2010 akiwasindikiza wanaume, akangoja miaka kumi na mmoja kupata yake. Hata uovu walinyimwa: Shane Black, aliyeongoza Iron Man 3, alieleza baadaye kwamba adui mkuu alikuwa awe mwanamke, akabadilishwa kwa hofu kwamba mwanasesere wake hatauzika. Wenye fedha walikuwa wakihesabu kama wewe, Kaka, ila vidole vyao ndivyo vinavyotia saini.

Na ni wewe uliyenifundisha kusoma kwa majarida hayo hayo, ukinifuatishia kila neno kwa kidole, bila kuchoka. Baadaye ungejifunga shuka shingoni na mimi ningepandishwa juu ya kabati ili niokolewe. Siku moja nilishuka mwenyewe, ukanuna hadi usiku.

Kuhusu binti yako, nakushauri umwache achague mashujaa wake, kwa maana mtoto akikatazwa bila sababu hujifunza kuficha. Najua utasema mwalimu wa kuficha ni shangazi yake. Ni kweli kwamba mwaka 2017 nilikuaga kwamba tunakwenda maktaba, nikampeleka kuitazama Wonder Woman. Ningekuomba ruhusa ungekataa, na filamu ile, iliyoongozwa na mwanamke, Patty Jenkins, ikaingiza zaidi ya dola milioni 800, kwa hiyo mwenye makosa hapa si mimi peke yangu. Ulinifungia mlango kwa sababu ya uongo, au kwa sababu ya hesabu?

Kisha, mwaka 2023, baada ya miaka sita ya kimya, nikapata ujumbe wako wa maneno mawili: The Marvels. Filamu hiyo ya mashujaa wa kike ilikuwa imeanguka vibaya, nawe ulikuwa umepata kidole cha nne. Captain Marvel ya 2019, iliyovuka dola bilioni 1, hukuitaja. Nilikasirika, kisha nikausoma tena na tena, maana ulikuwa ujumbe wako.

Mswada ule ulibaki kwako. Kama hujautupa, shujaa wangu anaanza kuruka katika ukurasa wa tatu.