Picha za Kalighat: mada yetu ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii tutajadili picha za Kalighat, zilizochorwa katika karne ya 19 karibu na hekalu la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, mjini Kolkata, India, na wachoraji waitwao patua, ambao wengi wao walitoka vijijini Bengal, walikozoea kuchora hadithi kwenye karatasi ndefu za kukunja. Mahujaji walitaka kumbukumbu ya bei nafuu. Kwa hiyo patua wakatumia karatasi za kiwandani na rangi za maji, wakaacha mandhari ya nyuma, na kuujenga mwili wa mungu kwa mistari michache minene yenye kivuli pembeni.

Naomba mumtazame kwa makini Kartikeya, mungu wa vita, aliyevalishwa kama kijana mtanashati wa Kolkata ya wakati huo, pamoja na viatu vya mtindo wa Kizungu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ujasiri wa wachoraji hawa unapodhihirika zaidi.

Biashara hiyo ilififia picha za kuchapwa kwa mashine zilipoenea. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina mkusanyiko mkubwa. Kila mmoja achague picha moja kutoka humo, aje tayari kuieleza.