Mkopo usiandikwe kuwa msaada

Ndugu Mhariri,

Benki ya maendeleo ikitiliana saini na serikali yetu, kesho yake tunasoma kwamba wafadhili wametoa mabilioni. Wakazi wa Mwanza tunaumizwa na kosa hilo, kwani anayedhani amepewa bure haulizi bei.

Chukua chanzo cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Fedha zake zilihusisha mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Ni mikopo, na Hazina inairejesha.

Serikali mfadhili yenyewe hutoa fedha kwa njia nyingine. Hununua hisa za benki: sehemu ndogo hulipwa taslimu, kubwa hubaki ahadi ya kulipa benki ikielemewa, na ahadi hiyo ndiyo inayoiwezesha benki kukopa kwa riba nafuu. Kisha kuna IDA, mfuko wa Benki ya Dunia kwa nchi maskini, unaojazwa kila baada ya miaka mitatu. Desemba 2024, huko Seoul, wafadhili waliahidi takribani dola bilioni 23.7. IDA inakusudia kuzifikisha bilioni 100 kwa kuuza hati fungani na kutumia marejesho ya mikopo ya zamani. Zikishaingia humo, hakuna balozi wa kuamuru zijenge pampu Ilemela; miradi hupitishwa na wakurugenzi watendaji 25. Ujerumani ina kiti chake peke yake, sisi tunachangia kimoja na nchi kadhaa za Afrika. Mfadhili anayetaka kuchagua kazi huweka fedha kwenye mfuko maalumu wenye masharti yake, benki ikiusimamia.

Saini nayo si fedha. Benki hutoa kwa awamu, masharti ya awali yakitimia, na zabuni kubwa husubiri barua yake ya kutokuwa na pingamizi. Panapokwama sana ni fidia ya ardhi, ambayo mara nyingi huachiwa bajeti yetu wenyewe. Fungu likichelewa, mkandarasi hakabidhiwi eneo na anadai gharama za kusubiri. Wakati huohuo baadhi ya mikopo hutozwa ada kwa fedha ambazo bado hazijachukuliwa!

Nawaomba waandishi wako, wakihudhuria utiaji saini, waulize riba, miaka ya kuanza kulipa, tarehe ya mwisho ya kuchukua fedha, na kama fidia imo kwenye bajeti ya mwaka huu. Diwani wa Buhongwa asisubiri siku hiyo. Tathmini ya mazingira na jamii hutangazwa kabla bodi haijapitisha mradi, na wakati huo njia ya bomba bado inaweza kubadilishwa.

Waliokwisha kuathirika waanze kwa kuiandikia benki. Wasiporidhika na Benki ya Dunia, lipo Jopo lake la Ukaguzi, lililoundwa mwaka 1993. Watu wawili wanatosha kufungua lalamiko, na barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Msomaji wako,
Nyamagana, Mwanza