Vyama vya walimu wa lugha visiishie kwenye vyeti

Ndugu Mhariri,

Ukitaja chama cha walimu wa lugha, wengi hufikiria kongamano la kila mwaka: hotuba ya ufunguzi, picha ya pamoja, cheti cha kuhudhuria. Hayo yana nafasi yake, lakini si hapo mwalimu anapokomaa.

Vyama hivi si vya jana. FIPLV, shirikisho la kimataifa la walimu wa lugha, lilianzishwa Paris mwaka 1931. Vyama vya walimu wa Kiingereza vilifuata: TESOL ya Marekani 1966 na IATEFL ya Uingereza 1967. Ninachokipenda IATEFL ni vikundi vyake vya mada maalumu, kama vile upimaji, fasihi au ufundishaji wa watoto. Katika kikundi cha aina hiyo, mwalimu aliyelemewa na insha za darasa lililofurika hukutana na wenzake wenye kero ileile. Hubadilishana vigezo vya kusahihishia, kisha hurudi kuelezana kilichofaulu na kilichokwama. Semina ya siku moja haifiki huko, hata mkufunzi awe bingwa kiasi gani.

Tatizo ni nauli na ada, ambazo humfungia nje mwalimu chipukizi. Baadhi ya vyama hutoa ufadhili, ila nafasi ni chache. Ningeshauri sehemu ya michango ya wanachama iwapatie walimu wapya walezi wenye uzoefu, watakaoketi nyuma ya darasa na kuzungumza nao baada ya kipindi, bila fomu ya kuwapa alama.

Mwalimu wa lugha