Mfadhili akijenga darasa, mwalimu atalipwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini hulishuhudia kila mwaka kati ya Juni na Agosti, wakati wa likizo ndefu za Ulaya na Marekani, ambapo wageni wa kujitolea huteremka katika stendi za Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya wakielekea kwenye shule na vituo vya watoto waishio katika mazingira magumu. Magazeti huwapiga picha wakikabidhi madawati na kukata utepe, na sioni ubaya wake, kwa kuwa madawati hayo ni ya kweli na watoto huyakalia. Hoja yangu ni kwamba misaada hii imeelemea mno kwenye vitu vinavyoonekana siku ya makabidhiano, huku gharama zinazorudi kila mwezi, ambazo ndizo zinazoamua kama shule itaendelea kufundisha, zikikosa mwenyewe.

Nayasema haya nikiwa mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya shule moja ya msingi inayotegemea wafadhili mkoani Iringa, ambayo sitaitaja kwa sababu hali yake haitofautiani sana na ya jirani zake.

Shule hizi hazikuzuka bila sababu. Ukimwi uliacha yatima wengi katika mikoa yetu, na bado haujatuondokea: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Nyuma ya takwimu hizo yuko bibi wa Makete au Mufindi anayelea wajukuu wanne kwa kipande cha shamba la viazi, na ambaye hata baada ya serikali kuondoa ada kuanzia Januari 2016 bado hamudu sweta, viatu na daftari, achilia mbali chakula cha mtoto anayeishi mbali na shule. Ndipo kanisa, au mtu mwenye moyo wake, akaanzisha shule yenye bweni, na marafiki wa nje wakachangia.

Sasa, jambo ambalo wafadhili wengi hawalijui, na sisi wenyeji hatuwaelezi vya kutosha, ni kwamba shule ya namna hii husajiliwa kama shule binafsi. Haipati ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka inayokwenda katika shule za msingi za serikali, wala haipangiwi walimu wanaolipwa na Hazina. Kila mshahara, kila gunia la mahindi, kila mzigo wa kuni na kila bili ya umeme hutoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo hujazwa na watu walioko maelfu ya kilomita kutoka hapa, ambao aghalabu hupenda fedha yao ionekane ikiwa jengo. Kwa hiyo tunayo madarasa mazuri kupita shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, na walimu wetu wanakaa miezi miwili bila mshahara.

Ukifungua stoo ya shule yetu utakuta mipira ya miguu iliyoisha upepo, maboksi ya vitabu vya hadithi za Kiingereza kuhusu watoto wanaofinyanga sanamu za theluji, na miswaki ya kuwatosha watoto wa kata nzima. Hatua chache kutoka hapo, jikoni, mpishi huchota unga kwa bakuli la plastiki na kupangusa juu yake kwa kiganja ili usizidi hata chembe, kwa sababu ameambiwa gunia lililobaki lazima lifike Ijumaa. Hiyo huwa kati ya Januari na Machi, wakati mahindi ya msimu uliopita yamepungua, bei imepanda na mapya bado yako shambani. Wageni wetu hufika Juni na Julai, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia au yanaingia, wakala makande yaliyoshiba maharage pamoja na watoto, wakaondoka wakiamini kwamba chakula si tatizo. Siwalaumu, maana hakuna aliyewaalika Februari.

Kuhusu walimu, hali ni nzito zaidi. Kijana aliyemaliza chuo huja kwetu kwa mshahara mdogo unaochelewa, mara nyingi bila mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), na anafundisha huku akisubiri ajira za serikali zitangazwe. Zikitangazwa anaondoka, na ni haki yake. Lakini akiondoka Julai, wakati darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, mgeni wa kujitolea wa wiki tatu, hata awe na shahada gani, hawezi kuziba pengo hilo. Hajui mtaala wetu, hajui Kiswahili, na watoto ambao kwa adabu huitikia kila anachosema humfanya adhani wameelewa. Watoto wetu wa darasa la tatu wameimbishwa wimbo wa kutaja viungo vya mwili kwa Kiingereza na kila kundi linalokuja. Wanauimba vizuri ajabu, na kugawanya kwa tarakimu mbili bado kunawashinda.

Sitaki nieleweke kwamba wageni wote ni wa namna hiyo. Wazee wenzangu watakumbuka walimu wa Peace Corps, shirika la watu wa kujitolea la serikali ya Marekani, ambao tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakija nchini, wakifundishwa Kiswahili kwanza, kisha wakifundisha sayansi na hisabati sekondari kwa miaka miwili. Vijana wa Kijerumani wanaokuja kwa mpango wa serikali yao wa kujitolea uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008, mara nyingi hukaa mwaka mzima, na ukikutana nao sokoni mwezi wa tisa wa kukaa kwao utawasikia wakiomba wapunguziwe bei kama sisi. Mtu wa namna hiyo akikaa pembeni ya mwalimu wetu, akamsaidia kusahihisha, kutengeneza zana na kuwasomesha jioni watoto wanaosuasua, anaacha kitu. (Awe pia na kibali cha ukaazi Daraja C, ambacho kinawahusu watu wa kujitolea; kuja kwa viza ya matembezi na kuingia darasani ni kumtafutia mkuu wa shule matatizo na Uhamiaji.) Hata hivyo, Machi 2020 ugonjwa wa corona ulipoenea, Peace Corps waliwaondoa watu wao wote duniani kote. Wageni wetu wa kujitolea waliondoka vilevile, na makanisa na klabu zilizokuwa zikituchangia huko kwao zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo shule zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni tuliita watoto warudi bila kujua watakula nini.

Lipo pia suala la kumfadhili mtoto mmojammoja, ambalo nadhani limetendwa kwa nia njema na limetuumiza taratibu. Mfadhili huko nje huchagua picha, hulipia mtoto huyo, humwandikia barua na kumtumia zawadi. Siku bahasha zinapofika, matroni huita majina, na mtoto mwenye jina hutoka na kalamu za rangi na picha ya familia iliyosimama mbele ya gari, huku anayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, ambaye picha yake haikumvutia mtu, akijifanya anatafuta kitu sandukuni. Matroni wetu siku hizi hugawa bahasha usiku, mtoto mmoja baada ya mwingine, mlango ukiwa umefungwa, na bado asubuhi kila mtu anajua. Mfadhili akistaafu au akifariki, mtoto aliyekuwa na bahati jana ndiye anayetafutiwa ada leo. Wafadhili wa mtindo huu wakikubali fedha zao ziingie katika kapu moja la chakula na mishahara, na wapate taarifa ya shule nzima badala ya picha ya mtoto mmoja, hakuna atakayepungukiwa isipokuwa wale wanaopenda kutuma zawadi.

Mifano ya uhusiano uliodumu tunayo hapahapa. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) imeshirikiana na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, tangu miaka ya 1980 katika mpango uitwao Bega kwa Bega, ambapo sharika za huko na za hapa zimeunganishwa na misaada ya kuwasomesha vijana wa sekondari hupitia katika mikono ya dayosisi yenyewe. Pale Iringa mjini, Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono iliyoanza mwaka 2003, huwaajiri watu wenye ulemavu, na bidhaa zao huuzwa kwa bei ya haki. Kwa shule, mwenye shamba Njombe au Rungwe atakwambia kwamba ekari chache za parachichi, zikitunzwa miaka ya mwanzo, zinaweza kulipa mwalimu. Fedha za uzio mmoja wa mapambo zingetosha kuzianzisha.

Nasi wenyeji tusijifiche nyuma ya wageni. Umejengeka mtindo wa kuiona shule ya wafadhili kama shule ya mzungu, hivyo mzazi anayeweza kuleta debe la mahindi haleti, na mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga anayechangia harusi tatu kwa mwezi haulizwi. Bodi nyingine, na yetu ilikuwa mojawapo hadi hivi karibuni, hazibandiki mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, kisha zinashangaa wazazi wakisema fedha zinaliwa. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, asasi nyingi zilizokuwa zikihudumia yatima nchini zilitikisika, na mtendaji wetu wa kata alipoitisha kikao cha wazazi kuuliza kijiji kinaweza kubeba nini, tulikuwa hatuna hata hesabu ya gharama ya mtoto mmoja kwa mwezi. Sasa tunayo, na imebandikwa.

Naliomba gazeti lako nalo lisaidie kwa njia rahisi. Mwandishi wako anapokwenda kuripoti makabidhiano ya darasa au bweni, baada ya kuandika gharama ya jengo, amuulize mfadhili na mkuu wa shule, wote wawili wakiwepo, nani atalipa walimu wa darasa hilo mwaka ujao na kwa mkataba wa muda gani, kisha alichapishe jibu hilo pamoja na picha.

Mwalimu mstaafu,
Iringa Vijijini